Vina si Kipimo cha Kila Shairi: Namna ya Kusikia Utungo wa Wazee Wetu



Mbele ya kuingia katika somo lenyewe, niungame jambo moja. Miaka mingi imepita tangu niketi kati ya waamuzi watatu wa mashindano ya mashairi ya wanafunzi wa lise, hapa Lubumbashi. Msichana mmoja alisimama akasoma maneno aliyoandika juu ya kifo cha nkambo yake. Familia yake ilikuwa ya watu wa Kasai waliokuja huku zamani kwa kazi ya reli na migodi. Alimwita nkambo kwa majina mengi, moja kisha lingine, na kila jina aliliongezea sentensi iliyojengwa sawa na ile iliyotangulia. Alitaja mto, alitaja mlima, alitaja wazee waliozaa wazee. Ukumbi ulinyamaza. Mama mmoja nyuma akaanza kulia.

Sisi waamuzi tulimpa alama ya chini kuliko wote. Mimi ndiye niliyemwambia sababu: "Binti, maneno ni mazuri, lakini hii haiko shairi. Vina iko wapi? Mizani iko wapi?" Akanijibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, kwetu banaliaka vile."

Jibu lile lilikuwa somo zima la ushairi, na mimi mwalimu sikulisikia. Katika kurasa hizi nataka kueleza namna gani nilikosea. Tutaangalia mbinu za ushairi ambazo tunafundishwa masomoni, zilitoka wapi na kwa nini zinafaa Kiswahili. Kisha tutaangalia mbinu ambazo wazee wetu wa Kongo walitumia katika lugha zao, na kwa nini nazo ni sheria kamili, hata kama haziko katika kitabu cha darasa.

1. Vina na mizani

Tuanze na ile tunayoijua. Mizani ni hesabu ya silabi katika mstari. Kina ni silabi inayorudi mahali palepale, katikati ya mstari au mwishoni. Katika utenzi wa kawaida kila mstari uko na mizani 8, na ubeti uko na mistari 4. Mistari mitatu ya kwanza inalingana kwa kina kimoja, na wa nne unabeba kina chake, ambacho kinarudi mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Katika shairi la kawaida mstari ni mrefu zaidi: mizani 16, yaani 8 na 8, pamoja na kina cha kati na kina cha mwisho.

Ili tusiseme hewani tu, nimetunga ubeti huu mdogo wa mfano:

Nimevuka ziwa letu
kutafuta ndugu zetu
nikafika kwenye watu
wanipokee salama.

Hesabu kwa vidole: ni-me-vu-ka-zi-wa-le-tu. Ni nane. Mstari wa pili, wa tatu na wa nne, vilevile nane. Kina -tu kinarudi mara tatu, kisha -ma inafunga. Kama ningeendelea na ubeti wa pili, ningeweza kubadilisha -tu, lakini sherti nimalizie tena na -ma.

Sheria hizi ni za pwani ya mashariki, na ni za zamani. Majina yake yanaonyesha njia iliyopita: shairi, beti, bahari, mizani, yote ni maneno ya asili ya Kiarabu. Washairi wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu mbele ya misioni za Wazungu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Bwana Mwengo wa Pate, ni wa mwaka 1728. Karibu miaka mia moja baadaye, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1840, alilichukua shairi akalitia katika mambo ya kila siku: siasa ya mji, mapenzi, na ugomvi na majirani.

Kwetu Kongo lugha ilifika kwa misafara ya biashara katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikatia mizizi Maniema, katika miji kama Nyangwe na Kasongo. Huku Katanga ilikua baadaye, katika kambi za wafanyakazi wa migodi na reli. Lakini tuangalie vizuri: lugha ya kambini ilikuwa lugha ya kazi, ya soko na ya kuishi pamoja na jirani asiye wa kabila lako. Haikubeba maktaba ya washairi wa Pate na Mombasa. Utenzi na shairi tulivijua zaidi kwa njia ya vitabu na masomo.

Kati ya vitabu hivyo kimoja kilikuwa na nguvu ya pekee. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Huyu alikuwa karibu jirani yetu: alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mji uliokaa karne nzima na watu waliotoka upande wetu wa ziwa. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri, na akafariki mwaka 1964. Kitabu chake kilikusanya sheria za pwani mahali pamoja, kwa maneno wazi ambayo mwalimu anaweza kufundisha. Kazi ile ilikuwa kubwa. Kosa ni letu sisi tuliokuja nyuma: sheria za shairi la Kiswahili tulizigeuza kuwa sheria za shairi lolote, katika lugha yoyote.

2. Lugha inachagua mbinu zake

Kwa nini vina na mizani vinafaa Kiswahili? Sababu iko katika mwili wa lugha yenyewe. Karibu kila silabi ya Kiswahili inaishia na vokali, basi kuhesabu ni rahisi na kupata kina si shida. Mkazo unaanguka silabi ya pili kutoka mwisho. Tena, Kiswahili kimepoteza toni. Ukipandisha sauti au ukiishusha juu ya neno "mti", litabaki mti.

Lugha nyingi za ndugu zake za Kibantu hazikupoteza toni. Katika Tshiluba, katika Kinyanga, katika Kilega, sauti ya juu na sauti ya chini zinaweza kutenganisha neno na neno, au wakati uliopita na wakati mwingine. Mtunzi wa lugha namna hii anapata kitu ambacho mshairi wa Mombasa hana: wimbo ambao uko ndani ya maneno tayari. Anaweza kulinganisha mistari kwa mpando na mshuko wa sauti, na msikilizaji wa lugha ile anausikia ulinganifu, hata kama mwisho wa mistari haufanani.

Kuna jambo lingine ambalo Kiswahili nacho kinalijua. Sikiliza sentensi hii ya kawaida: vitabu vyangu vizuri viwili vimepotea. Sauti inayorudi iko wapi? Iko kichwani mwa maneno, haiko mkiani. Ngeli zetu zinafanya kazi ile bila mtu kuitafuta. Ni kawaida, basi, kama katika lugha za Kibantu utungo mwingi unalinganisha mwanzo wa mistari. Mwanafunzi wangu alifanya vile mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa naangalia mwisho tu.

3. Ushuhuda wa ngoma ya Balokele

Kama mtu ana mashaka juu ya nguvu ya toni, aende upande wa Kisangani. Balokele, wavuvi na wachuuzi wa mto Kongo, walikuwa na ngoma ya mti iliyochimbwa ndani, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa sauti mbili hizo walituma habari kutoka kijiji mpaka kijiji. Mmisionari mmoja Mwingereza, John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu, alijifunza lugha ile ya ngoma na akatoa kitabu juu yake mwaka 1949.

Shida ya ngoma ni hii: haina konsonanti wala vokali, iko na toni peke yake. Katika lugha ya Balokele songe ni mwezi na koko ni kuku, na maneno yote mawili yako na toni mbili za juu. Ngoma ikipiga juu-juu tu, nani atajua kama ni mwezi ao kuku? Wazee walitatua shida kwa kurefusha. Hawapigi "mwezi" peke yake. Wanaongeza kwamba unaangalia chini duniani. Hawapigi "kuku" peke yake. Wanaongeza kwamba ni kale kadogo kanakolia kiokio. Kila kitu kilipata sifa yake ya kudumu, na mpando wa sauti wa sifa ile haukufanana na wa kitu kingine.

Angalia vizuri maana ya jambo hili. Jina la sifa, ambalo katika masomo tunaliita pambo, hapa ni kazi ya lazima. Bila sifa ujumbe unapotea. Tunaposikia mzee anamtaja mtu kwa jina na kuongeza maneno matatu ya sifa, tusiseme anapamba tu. Anamtenga mtu huyu na wengine wote, ili asipotee.

4. Kasala ya Baluba

Turudi sasa kwa msichana wangu na Kasai ya nkambo yake. Alichokisoma kilikuwa na sura ya kasala. Kasala ni utungo wa sifa wa Baluba wa Kasai. Unasikika katika kilio, lakini pia katika furaha, na zamani katika vita. Wasomi wetu waliusoma kwa bidii. Patrice Mufuta alitoa kitabu chake juu ya kasala huko Paris mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1974 kitabu cha Clémentine Nzuji juu ya kasala kilitolewa hapahapa Lubumbashi. Ndiyo kusema, siku ile nilipomwuliza mtoto "vina iko wapi?", jibu lilikuwa limekwisha kuchapwa katika mji wetu.

Mbinu za kasala ni zipi? Ya kwanza ni jina. Mwimbaji anamwita mtu kwa jina lake, kwa majina yake ya sifa, kwa majina ya baba na mama na mababu, kwa majina ya mahali walipotoka. Anayelia mtu mmoja anaamsha ukoo mzima. Ya pili ni ulinganifu: sentensi inasemwa, kisha nyingine inajengwa juu ya mifupa ileile na neno moja au mawili yanabadilika. Nitatoa mfano wangu mwenyewe kwa Kiswahili, si maneno ya kasala yoyote: "Ulikuwa mti, upepo ulipokuja tulikushika, ulikuwa ukuta, mvua ilipokuja tulikuegemea." Sikio linajua mifupa ya sentensi, linangoja, na lile neno jipya linapoingia linagonga kwa nguvu. Kazi ile ya kungoja na kupata ndiyo kazi ambayo kina kinafanya katika utenzi.

Ya tatu ni pumzi. Mstari wa kasala hauhesabiwi kwa vidole. Mwimbaji anaukata kwa pumzi, anaharakisha pale majina yanapofuatana, anakawia pale huzuni inapomshika. Ya ine ni kubadilisha anayeambiwa. Mara mwimbaji anasema na marehemu, mara anasema na watu waliokaa pale, mara anajisema yeye mwenyewe. Kwenye karatasi mtu anaweza kufikiri ni mvurugo. Kwenye kilio kila mtu anajua nani anaambiwa, kwa sababu anaona macho ya mwimbaji yako wapi.

Tena kuna jambo linalonipa haya kidogo. Profesa Kabuta, mtoto wa Kongo aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Gent huko Ubelgiji, alianza kufundisha watu kutunga kasala kwa Kifaransa. Leo kuna watu wa Ulaya na wa Kanada wasiojua neno moja la Tshiluba, wanaoandika kasala ya kujisifu na kuwasifu wenzao. Wakati ule sisi huku tulikuwa tunawakatia watoto wetu alama kwa utungo uleule.

5. Karisi ya Banyanga

Twende sasa Kivu ya Kaskazini, upande wa Walikale, kwa Banyanga. Huko kuna utungo mrefu unaoitwa karisi. Mwaka 1956 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alikutana na mzee Candi Rureke, fundi wa karisi. Mzee alisimulia na kuimba habari za shujaa Mwindo kwa muda wa siku 12, na maneno yakaandikwa kutoka kinywani mwake. Kitabu kilitolewa Marekani mwaka 1969, na Biebuyck alikitoa pamoja na Kahombo Mateene, msomi Munyanga, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Kampala.

Mwindo ni mtoto wa mwami Shemwindo, aliyekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo akazaliwa, na mara moja akatembea na kusema. Jina lake la sifa, Kabutwakenda, linasema jambo lile: mtoto aliyezaliwa akaenda. Kila mara jina lile linapotajwa, msikilizaji anakumbuka habari yote ya kuzaliwa kwake. Ni hadithi nzima iliyokunjwa ndani ya neno moja.

Mapigo ya karisi yako wapi? Msomaji anayefungua kitabu anaona sehemu za masimulizi na sehemu za nyimbo, na hakuna vina. Anaweza kufikiri ni hadithi tu iliyotiwa nyimbo. Lakini fundi hakuwa peke yake. Alikuwa na kayamba ya kibuyu mkononi, na vijana walikaa karibu wakipiga mti kwa fimbo na kumwitikia katika nyimbo. Yeye alitembea, alicheza, aliigiza kila mtu wa hadithi, na watu walimpa zawadi ndogo. Mizani ilikuwa katika fimbo, na kipokeo kilikuwa katika vinywa vya vijana. Karatasi ilichukua maneno na kuacha fimbo.

Tena Biebuyck anaeleza kwamba kwa kawaida fundi hakuimba habari yote mfululizo toka mwanzo mpaka mwisho. Alichagua kipande kufuatana na siku na watu. Umoja ule tunaouona kati ya majalada mawili ulitoka kwa kazi ya kuandika. Kwa Banyanga wenyewe umoja ulikuwa katika kumbukumbu ya watu, waliojua kila kipande kinakaa mahali gani.

6. Kamba ya Balega

Mfano wa mwisho wa kwetu ni kwa majirani wa Banyanga, Balega wa Kivu na Maniema. Wao waliipeleka methali mbali sana. Katika bwami, chama chao cha heshima, mafundisho yalitolewa kwa methali zilizoimbwa na kuchezwa, na mara nyingi kitu fulani kilionyeshwa pamoja na maneno: kinyago kidogo, gamba, mdomo wa ndege, kipande cha mti. Walikuwa pia na kamba, mutanga, ambayo vitu vidogo vilifungwa juu yake. Kila kitu kinaita methali yake. Mzee anashika kitu, anasema methali, anaifafanua, na mwingine anajibu kwa methali nyingine.

Katika darasa tunafundisha istiara kama kusema kitu kimoja kwa jina la kingine. Kwa Balega istiara ilishikwa kwa mkono. Ukiandika methali peke yake bila kitu, bila wimbo, bila jibu la mwenzake, umeandika robo ya shairi.

7. Mabishano ya ng'ambo ya ziwa

Tusifikiri swali hili ni la Kongo tu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, Mtanzania wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa diwani yake Kichomi. Mashairi yake mengi hayakufuata vina na mizani. Ikazuka vita ya kalamu. Wengine walisema lile si shairi la Kiswahili hata kidogo, kwa sababu vina na mizani ndivyo uti wa mgongo. Wengine, kama Mulokozi na Kahigi, walisema ushairi wa Kiswahili una nafasi kwa njia zote mbili. Diwani yao ya mwaka 1976 waliiita Malenga wa Bara.

Jina lile linatuhusu: bara, si pwani. Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi, wote ni watoto wa nchi za Ziwa Victoria, waliokua na lugha nyingine kinywani mbele ya Kiswahili. Walipoleta pumzi ya kwao katika Kiswahili, hawakuharibu nyumba ya Muyaka. Leo mashairi huru yanasomwa katika masomo ya Tanzania na Kenya pamoja na tenzi, na tenzi bado zinatungwa. Vijana wetu wa slam katika Goma, Bukavu na Lubumbashi wanafanya kazi ileile, na wengi hawajui kama wako na mababu.

8. Tusikilize namna gani?

Nitamaliza kwa mambo ya kutumia. Mtu akiletewa utungo wa wazee, au wa mtoto anayefuata wazee, mbele ya kuuliza vina, aulize haya. Ni kitu gani kinachorudi: silabi, neno, jina, mifupa ya sentensi, ama mpando wa sauti? Majina ya sifa ni yapi, na kila moja linakunja hadithi gani? Nani anaitikia, na kwa chombo gani? Nani anaambiwa? Akipata majibu, ataona sheria za utungo ule, na ataweza pia kusema kwa haki kama mtunzi amezifuata vizuri ao vibaya. Kwa maana kasala mbaya ipo, kama vile utenzi mbaya upo. Sisemi kila kilio ni shairi.

Na tukirekodi, siku hizi simu ya mkononi inatosha. Turekodi fimbo na waitikiaji pia, tuandike siku, mahali na nani alikuwa pale, na tusikate sehemu ambazo tunadhani ni kurudia-rudia tu. Kurudia ndiyo sheria yenyewe. Vita vilivyopita Kivu na Maniema tangu 1996 vimetawanya vijiji na mikutano ambamo nyimbo hizi zilijifunzwa. Mzee aliyehamia kambini anaweza kukumbuka maneno, lakini vijana wa kumwitikia wako wapi?

Kama ningekaa tena kwenye meza ile ya waamuzi, ningemwuliza msichana: majina yale ya nkambo yako, nani alikupa? Yule mlima uko wapi? Kwa nini ulimtaja baba yake mbele ya mama yake? Sikumwuliza hata moja. Mashindano yalipokwisha, karatasi za walioshinda ziliwekwa, na zile nyingine zilitupwa. Ya kwake ilikuwa kati ya zile nyingine, na majina ya nkambo yalikuwa yameandikwa juu yake.